Mashine ya Ishirini na Moja: Uchambuzi wa Kesi ya Soobramoney

Mwezi Julai 1997 mwanamume wa miaka 41 alipeleka ombi la haraka katika Mahakama Kuu mjini Durban, Afrika Kusini. Hakuwa na kazi. Alikuwa na kisukari, ugonjwa wa moyo, na matatizo ya mishipa ya damu ya ubongo yaliyomletea kiharusi mwaka uliotangulia. Mwaka huohuo wa 1996 figo zake nazo zikashindwa kufanya kazi. Aliiomba mahakama jambo moja tu: iiamuru Hospitali ya Addington, hospitali ya serikali, imsafishe damu kwa mashine. Jina lake la ukoo, Soobramoney, limebaki kuwa jina la kesi yenyewe, na kila anayejadili iwapo serikali ina wajibu wa kuwatibu watu wake hana budi kupita hapo.

Kabla ya kwenda mahakamani alikuwa akijilipia tiba hiyo hiyo kwa madaktari na hospitali za binafsi. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu uchambuzi wangu wote umesimama juu yake. Mashine ilikuwa ikimsaidia. Pamoja na maradhi yote aliyokuwa nayo, damu yake ilikuwa ikisafishwa na yeye alikuwa akiishi. Kilichokatika ni pesa.

Mahakama Kuu ilimkatalia. Akakata rufaa Mahakama ya Katiba, nayo ikatoa hukumu tarehe 27 Novemba 1997. Majaji wote walifikia uamuzi mmoja: rufaa imetupwa. Siku chache baadaye akafariki dunia.

Hospitali ilisema nini

Kabla ya kuwalaumu watu wa Addington ni haki kuwasikiliza, maana waliyoyaeleza hayakuwa visingizio. Kitengo chao cha figo kilikuwa na mashine 20, na baadhi yake zilikuwa zimechakaa. Mgonjwa mmoja hukaa kwenye mashine saa nne, kisha mashine hutaka saa mbili nyingine za kusafishwa kabla mwingine hajaunganishwa. Kwa hesabu hiyo, mashine isiyopumzika usiku na mchana inahudumia watu wanne kwa siku, nao watarudi tena baada ya siku mbili tatu, wiki hadi wiki, kwa maisha yao yote. Kitengo kilipaswa kuwa na wagonjwa 60. Kilikuwa na 85. Waliotoka nje ya mji nao walikitegemea, kwa sababu Addington ilihudumia jimbo zima la KwaZulu-Natal na hata sehemu za jimbo jirani.

Kwa hiyo waliweka utaratibu. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa ghafla, na kuna matumaini zitarudi, anaunganishwa moja kwa moja. Mwenye ugonjwa sugu wa figo anapokelewa ikiwa anafaa kupandikizwa figo, ili mashine imvushe mpaka apatikane wa kumtolea. Na ili ufae kupandikizwa, usiwe na ugonjwa mkubwa wa moyo wala wa mishipa ya damu. Soobramoney alikuwa nao. Mlango ukafungwa.

Utaratibu huo haukutungwa kwa ajili yake. Ulikuwapo kabla hajafika, uliwahusu wote waliobisha hodi, na haukuuliza dini ya mtu, kabila lake wala tabia yake. Ukitaka kujua uzito wa jambo hilo, kumbuka yaliyotokea Seattle, Marekani. Mwaka 1962 kituo cha kwanza cha kusafisha damu kwa wagonjwa sugu kilipofunguliwa huko, wagonjwa walikuwa wengi kuliko mashine, na kamati ya raia wa kawaida ndiyo iliyokaa kuchagua nani aunganishwe. Walitazama kipato cha mtu, ndoa yake, watoto wake, hata kama huenda kanisani. Yaani walipima thamani ya binadamu kama anayechagua mtumishi wa kuajiri. Addington haikufanya hivyo, na naiheshimu kwa hilo. Daktari aliyesimama kwenye mlango ule na kusema "hapana" hakuwa katili. Alikuwa amekabidhiwa mashine 20 na umati wa watu, akagawa kwa haki kadiri alivyoweza.

Mahakama ilisema nini

Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ni miongoni mwa zile zinazotaja afya kuwa haki ambayo raia anaweza kuidai mahakamani. Ibara ya 27 inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya. Halafu inaongeza kwamba serikali itachukua hatua zinazofaa, kwa rasilimali ilizonazo, ili haki hiyo itimie hatua kwa hatua. Kisha, katika kijifungu cha tatu, bila masharti yoyote: mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Mawakili wa mgonjwa walikishika hicho kijifungu cha tatu, na mtu angetarajia hivyo, maana ndicho kisichotaja rasilimali. Walisema mtu atakayekufa asipotibiwa yuko katika dharura. Jaji Arthur Chaskalson, rais wa mahakama hiyo, aliyeandika hukumu kuu, hakukubali. Alirejea kesi ya India ya 1996, ambapo mtu aliyeanguka kutoka kwenye treni na kuumia vibaya kichwani alizungushwa hospitali moja baada ya nyingine pasipo kupokelewa. Hiyo ndiyo dharura, akasema: janga la ghafla linalotaka tiba papo hapo. Ugonjwa sugu unaotaka tiba mara mbili au tatu kwa wiki mpaka kufa ni hali ya kudumu.

Nimelifikiria sana neno hili. Katika Kiswahili mtu akisema ana dharura hamaanishi ajali peke yake; anaweza kuwa anazungumzia jambo lililombana ambalo hawezi kuliahirisha. Kwa maana hiyo, damu isiyosafishwa inakuwa dharura ndani ya siku chache, na dharura hiyo inajirudia kila wiki. Hata hivyo naona hofu ya majaji. Ikiwa kila ugonjwa unaoua ni dharura, na dharura haina kikomo cha bajeti, basi fedha zote zitaanza kwa walio kwenye ukingo wa kaburi, na mtoto anayehitaji chanjo atasubiri kitakachobaki. Hapo siwapingi.

Hoja ya haki ya kuishi haikuwachukua muda mrefu. Katiba imeizungumzia afya mahali pake mahususi, walisema, kwa hiyo huwezi kuipitia mlango wa nyuma kwa kutaja ibara ya 11.

Ikabaki hoja ya rasilimali, na hapa ndipo kisa chote kilipo. Kumsafisha damu mgonjwa mmoja mara mbili kwa wiki katika hospitali ya serikali kuligharimu takriban randi 60,000 kwa mwaka. Idara ya afya ya jimbo ilikuwa imezidisha matumizi kwa randi milioni 152 katika mwaka wa fedha wa 1996–1997, na mwaka uliofuata ilitarajiwa kuzidisha kwa milioni 700 kama haitabana matumizi. Hospitali ikimpokea Soobramoney lazima ipokee wote walio kama yeye. Mahakama ikasema haitaingilia kwa wepesi uamuzi wa busara uliofanywa kwa nia njema na viongozi na madaktari waliopewa kazi ya kugawa kichache kilichopo. Jaji Albie Sachs, katika maoni yake ya ziada, alikwenda mbali zaidi: kugawa tiba za kurefusha maisha kwa vigezo hakupingani na haki za binadamu, bali ni sehemu ya haki hizo.

Kisha Chaskalson akaandika maneno ambayo kila nikiyasoma nasimama. Alisema ni ukweli mgumu usiopendeza kwamba mtu huyu angekuwa tajiri angeipata tiba hiyo kwa watu binafsi. Lakini si tajiri, anaitegemea serikali, na rasilimali za serikali zina kikomo.

Akauandika ukweli huo, akaendelea na mengine.

Hesabu ilianzia wapi

Mahakama ilihesabu mashine 20. Mimi nahesabu 21. Ile ya ishirini na moja ni mashine ambayo mtu huyu alikuwa ameteremka kutoka juu yake katika hospitali ya binafsi, siku akiba yake ilipokwisha. Mashine hiyo ilikuwa imefanya kazi juu ya mwili uleule uliosemwa kuwa haufai. Ugonjwa wa moyo haukuwa kizuizi pale alipokuwa na pesa. Ukawa kizuizi alipofilisika. Kwa hiyo tukisema alikataliwa kwa sababu za kitabibu tunasema nusu ya kweli. Kigezo cha kitabibu kilitumika kwa foleni ya waliokwisha kuchujwa kwa kigezo kingine, na hicho cha kwanza ni mfuko.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Jaji Sachs, ingawa maneno yake nayakubali. Kugawa kidogo kilichopo kwa vigezo ni haki, tena ni lazima. Hakuna nchi yenye tiba za kumtosha kila mtu kwa kila jambo. Lakini mgawo una haki pale ambapo wote wamo kwenye mgawo. Familia yenye njaa ikigawana kipande kimoja cha chakula hakuna anayelalamika. Ikiwa baba amekula kwanza chumbani, kisha anatoka na kipande kilichobaki na kuwahubiria watoto juu ya uhaba, kauli yake kuhusu kile kipande inaweza kuwa kweli tupu na bado amewadhulumu.

Afrika Kusini hutumia kama asilimia 8.5 ya pato lake la taifa kwenye afya, kiwango ambacho nchi nyingi za kipato kama chake hazikifikii. Takriban nusu ya fedha hizo hupita kwenye sekta binafsi, inayohudumia kama asilimia 16 ya watu. Waliobaki, watu wanane kati ya kila kumi, wanagawana nusu nyingine. Wala si sahihi kusema nusu ya kwanza ni jasho la watu binafsi lisiloihusu serikali. Serikali huwapunguzia kodi wanaochangia mifuko ya bima ya binafsi. Madaktari wengi wanaofanya kazi upande huo walisomeshwa katika vyuo vya umma na kujifunzia mikono yao kwa wagonjwa wa hospitali za umma. "Rasilimali zilizopo" ni kitu kilichopangwa na watu, kwa sheria na bajeti, na kingeweza kupangwa vingine.

Mtu anaweza kunijibu: sawa, ni huzuni, lakini kwa nini uwe wajibu? Anayeugua hakuuguzwa na serikali. Serikali ikimsaidia amefadhiliwa, isipomsaidia hakudhulumiwa. Hoja hii ina watu wake, na si watu wabaya. Wanachoogopa ni kwamba ukitamka haki ya kutibiwa unakuwa umetamka pia kwamba mwingine atalazimishwa kutibu au kulipa.

Nawajibu kwa kuwaonyesha milango. Serikali ndiyo inayoamua nani aitwe daktari, na anayetibu bila leseni hufungwa. Ndiyo inayoamua dawa gani iingie nchini na nani aiuze. Inalinda hataza, yaani haki za kipekee za wavumbuzi, zinazopandisha bei ya dawa. Inakataza figo kununuliwa na kuuzwa, na inafanya vyema kukataza. Mgonjwa wa figo hawezi kujitibu, hawezi kutibiwa na jirani, hawezi kujitengenezea mashine. Kila njia ya kupona inapita kwenye mlango ambao ufunguo wake umeshikwa na serikali. Makatazo haya karibu yote yana sababu nzuri, lakini aliyefunga milango yote kwa faida ya umma hawezi kusimama nje na kusema kilicho ndani hakimhusu. Wajibu wake unatokana na mamlaka aliyojipa, kabla hata hatujazungumzia huruma.

Na wajibu huo una mipaka. Simaanishi kila mtu apewe kila kitu. Ninachosema ni kwamba serikali ina deni la mambo mawili kwa kila mgonjwa: imweke kwenye foleni moja na wengine, na ikimwambia hapana imwonyeshe hesabu nzima, si hesabu ya chumba kimoja.

Hesabu nzima inaweza kubadilika

Thailand ilikumbana na ugonjwa huuhuu. Mwaka 2002 ilianzisha mpango wa matibabu kwa wote, na kwa sababu ya gharama ikaamua waziwazi kwamba kusafisha damu hakumo. Ungeweza kuiandikia serikali hiyo hukumu ileile ya Chaskalson. Lakini watumishi wa umma na wafanyakazi wa sekta rasmi walikuwa na mifuko yao, na mifuko hiyo ililipia tiba hiyo. Mkulima na mchuuzi walikufa kwa ugonjwa ambao karani alitibiwa. Vyama vya wagonjwa vikaushika ulinganisho huo na havikuuachia, mpaka tiba ikaingizwa kwenye mpango tangu 2008, ikianza na njia ya kusafisha damu kupitia tumbo, ambayo mgonjwa huifanya mwenyewe nyumbani bila kungoja mashine.

Naiona tofauti ya Bangkok na Durban hapa: Thailand uhaba ulitazamwa kutoka juu, mfuko mmoja ukipimwa dhidi ya mwingine, na ndipo ikaonekana kuna njia isiyotegemea mashine 20. Ukikaa chumbani kwa Addington ukihesabu vitanda, njia hiyo huioni.

Mahakama ya Katiba yenyewe ilijifunza kutazama juu zaidi. Mwaka 2000, katika kesi ya Grootboom juu ya watu wasio na makazi, iliuliza kama mpango mzima wa serikali una mantiki iwapo unawasahau walio katika hali mbaya kuliko wote. Tarehe 5 Julai 2002 ikaamua kesi ya nevirapine, dawa ya kupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mtengenezaji alikuwa amejitolea kuitoa bure kwa miaka mitano, lakini serikali iliifungia katika vituo viwili tu vya majaribio kwa kila jimbo. Safari hii majaji hawakuridhika na neno "uwezo". Waliipekua sera, wakaona sababu zake hazisimami, wakaamuru kizuizi kiondolewe. Najua dawa ya bure ni rahisi kuiamuru kuliko randi 60,000 kwa kila mgonjwa. Ila swali walilouliza mwaka 2002 lingeweza kuulizwa mwaka 1997.

Wazo la mfuko mmoja si geni Afrika Kusini. Tume ya Henry Gluckman ilipendekeza huduma ya afya ya kitaifa mwaka 1944, miaka minne kabla Uingereza haijaanzisha yake. Ubaguzi wa rangi ukaizika. Nelson Mandela alipoingia madarakani mwaka 1994, moja ya hatua zake za mwanzo ilikuwa kuwatibu bure wajawazito na watoto wa chini ya miaka sita. Tarehe 15 Mei 2024 Rais Cyril Ramaphosa alisaini sheria ya bima ya afya ya taifa, yenye lengo la kuleta mfuko mmoja wa kununua huduma kwa wote, na sheria hiyo ikapelekwa mahakamani mara moja. Wanaoipinga wanataja gharama na usimamizi wa fedha za umma, na hofu hizo ni za kweli; mfuko mmoja ukiibiwa wanaumia wote. Hofu hiyo inataka ulinzi wa mfuko. Haihalalishi mifuko miwili.

Amri ambayo haikutolewa

Nimejiuliza mara nyingi, ningekuwa kwenye benchi lile Novemba 1997 ningeandika nini. Kwa sehemu kubwa ningeandika kama wao. Nisingeiamuru Addington imweke Soobramoney kwenye mashine na kumteremsha mwingine ambaye jina lake halikufika mahakamani. Mtu huyo naye alikuwa na watu wake nyumbani.

Lakini kabla ya kutamka kwamba rufaa imetupwa, ningeagiza serikali ya jimbo na ya taifa zirudi mbele ya mahakama ndani ya muda uliotajwa, na majedwali mawili. La kwanza, mashine zote za kusafisha damu zilizomo katika jimbo lile, za umma na za binafsi, na saa ambazo kila moja hukaa bila mgonjwa. La pili, fedha zote za umma zinazokwenda kwenye afya, pamoja na zile zinazosamehewa kwa njia ya kodi, na nani anafaidika nazo. Mahakama ingeyapokea, ingewapa wagonjwa wa kitengo kile nafasi ya kuyasoma, na ingewataka mawaziri waeleze kwa maandishi kwa nini ile mashine ya ishirini na moja haimo kwenye hesabu.